Bilioni Moja, Hesabu Mbili

Chanzo cha mushkili

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, waziri wa fedha asimamapo bungeni Dodoma kusoma makadirio ya mapato na matumizi, masikio ya watu wa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, hupokea idadi ambazo babu zao hawakupata kuwa na haja ya kuzitamka. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilitajwa kuwa shilingi trilioni 56.49, na daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi huo wa Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri wa Sengerema na Geita adha ya kungoja kivuko, lilitajwa kuwa limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Msikilizaji huyapokea maneno hayo, akatikisa kichwa, akaendelea na shughuli zake. Na pindi aulizwapo bilioni moja ni ngapi, aghalabu hujibu kwamba ni fedha nyingi mno, jibu ambalo si la uongo, ila halimfai mtu atakaye kujua kama daraja lile lilikuwa ghali au rahisi.

Laiti mushkili ungeishia hapo, dawa yake ingekuwa kamusi. Lakini mwenye kutaka yakini akazifungua kamusi hukuta kwamba wenye neno wenyewe, yaani watu wa Ulaya, hawajapata kukubaliana juu yake. Kamusi ya Kiingereza iliyochapishwa London kabla ya Vita Vikuu vya Pili humwambia kwamba bilioni ni milioni mara milioni, yaani 1 ifuatwayo na sifuri 12. Ile iliyochapishwa juzi katika mji huo huo humwambia ni milioni mara elfu, yenye sifuri 9 tu. Mjerumani na Mfaransa wa leo hushika ile ya kwanza, Mmarekani ile ya pili. Mrusi na Mturuki hawana haja nalo kabisa. Na mfanyabiashara wa dagaa atokaye Kongo, ajapo kununua mzigo katika soko la Mwaloni pale Kirumba, hesabu yake ikipita mamilioni hutaja neno jingine ambalo muuzaji wake Msukuma hakufundishwa shuleni: *miliari*.

Kwa hiyo swali la bilioni ni ngapi lina nasaba ndefu, na jibu lake lategemea ni nani asemaye, kwa lugha gani, na katika mwaka upi.

Nasaba ya neno

Warumi wa kale, pamoja na utawala wao mpana, hawakuwa na neno moja la idadi lipitalo elfu, ambayo wao waliiita *mille*. Wakitaka kutaja laki iliwabidi waseme "mia za maelfu". Wayunani walipanda daraja moja zaidi, kwa kuwa walikuwa na neno lao la elfu kumi, na kwa neno hilo Archimedes wa Sirakusa, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alijenga mfumo mzima wa kuhesabu chembe za mchanga ambazo zingeweza kuujaza ulimwengu. Maulamaa wa hisabu wa Kiarabu, ambao kwao Ulaya ilijifunza tarakimu tunazozitumia leo, waliridhika kulirudia neno lile lile, wakisema elfu ya maelfu, na kama haja yazidi, elfu ya maelfu ya maelfu. Utaratibu wenye kuchosha ulimi, ila usiodanganya.

Neno *milioni* lilizaliwa Italia mwishoni mwa zama za kati, katika miji iliyokuwa na mabenki na madaftari ya biashara, na maana yake ya asili ni "elfu kubwa", kwa sababu Waitaliano wana kiambishi cha kukikuza kitu, *-one*, walichokibandika nyuma ya *mille* wakapata *milione*, kama vile Kiswahili kimkuzavyo mtu akawa jitu. Ingekuwa sisi tulioliunda, pengine leo tungelisema "jielfu". Kwa muda mrefu neno hilo lilibeba harufu ya kutia chumvi zaidi kuliko uzito wa hesabu, na si ajabu kwamba kitabu cha safari za Marco Polo, kilichojaa mali na majeshi ya Mashariki, Waitaliano walikibandika jina la *Il Milione*.

Kutoka milioni hadi bilioni njia ilikuwa fupi, na walioipita ni Wafaransa. Mwaka 1475 Jehan Adam aliandika *bymillion* na *trimillion*. Miaka tisa baadaye, mwaka 1484, Nicolas Chuquet, mwanahisabati aliyeishi Lyon, aliandika muswada ambamo alizigawa tarakimu ndefu katika mafungu ya sita sita, na kila fungu akalipa jina lake: milioni, *byllion*, *tryllion*, na kuendelea. Kanuni yake ilikuwa safi mno. Kwa Kilatini *bi-* ni mbili na *tri-* ni tatu. Basi bilioni ni milioni iliyozidishwa kwa milioni, ambamo milioni hutokea mara mbili, na trilioni ni ile ambamo hutokea mara tatu. Mtu aijuaye kanuni hahitaji kukariri kitu, kwani jina lenyewe hutangaza idadi ya sifuri zake. Masikini Chuquet hakuyaona matunda ya kazi yake: sehemu kubwa ya muswada huo ilinakiliwa na Estienne de la Roche katika kitabu alichokichapisha mwaka 1520, na maandishi ya Chuquet mwenyewe hayakupigwa chapa hata mwaka 1880.

Kanuni ile ilikuwa na pengo moja. Kati ya milioni na bilioni kulikuwa na hatua ya sifuri sita, nayo ni hatua ndefu kwa mtu wa biashara. Ndipo katika karne ya kumi na sita likaenezwa neno *milliard*, lililokuja kushika maana ya milioni elfu, likasimama katikati kama kituo cha kupumzikia.

Wapishanao njiani

Katika karne ya kumi na saba baadhi ya waandishi wa hesabu nchini Ufaransa waliona kwamba mafungu ya tarakimu sita ni magumu kwa jicho, wakayakata kuwa matatu matatu, kama tuandikavyo leo. Na walipoyakata mafungu hawakuyabadili majina. Fungu lililofuata milioni likaitwa bilioni, lililofuata likaitwa trilioni, na kwa mkato huo wa kalamu bilioni ikashuka kutoka sifuri 12 hadi sifuri 9. Hesabu hii, ambayo hapa tutaiita fupi, ilienea Ufaransa na kuvuka bahari hadi Marekani. Ile ya Chuquet, ambayo tutaiita ndefu, ilibaki Uingereza, Ujerumani, Uhispania na kwingineko.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa ya kuchekesha. Ufaransa, iliyozaa hesabu zote mbili, ilirudi rasmi kwenye hesabu ndefu kwa amri ya serikali ya mwaka 1961, na tangu hapo bilioni ya Mfaransa ni milioni mara milioni, na miliari ndiyo milioni elfu. Uingereza, iliyokuwa imeishika hesabu ndefu kwa karne mbili na ushei, iliiacha: tarehe 20 Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson, akijibu swali la mbunge, alitamka kwamba serikali yake italitumia neno bilioni kwa maana ya milioni elfu, kwa kuwa ndivyo litumiwavyo katika mataifa mengine. Hivyo majirani hao wawili, kila mmoja alitoka nyumbani kwake akaenda kukaa katika nyumba ambayo mwenziwe ameihama.

Sababu ya Waingereza ilikuwa fedha. Baada ya vita vya pili dola ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwa mizani ya biashara ya dunia, na mwandishi wa habari za masoko hakuweza kila siku kufasiri bilioni ya New York kwa ajili ya msomaji wa London. Wafaransa walikuwa na sababu nyingine: majirani wao wengi wa bara walihesabu kwa hesabu ndefu. Kila mmoja, kwa hakika, alimfuata yule aliyefanya naye biashara zaidi.

Wengine hawakufuata mkondo wowote kati ya hiyo. Warusi na Waturuki husema miliari kwa milioni elfu, kisha hupanda moja kwa moja hadi trilioni kwa milioni mara milioni, wakaliruka bilioni kana kwamba halijazaliwa. Wahispania wengi hupendelea kusema "elfu ya mamilioni". Chuo cha Kifalme cha lugha yao kilipokea neno *millardo* mwaka 1995 kwa pendekezo la Rafael Caldera, Rais wa Venezuela, ila mitaani halikuota mizizi. Wareno wa Lisbon huhesabu kwa hesabu ndefu, ilhali Wabrazili, wenye lugha hiyo hiyo, huhesabu kwa fupi.

Ukubwa wa hitilafu hii haudhihiriki mpaka upimwe kwa kitu cha machoni. Ziwa letu la Viktoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na maji yake yakadiriwa kuwa kilomita za ujazo 2,700 na ushei. Na kilomita moja ya ujazo ni mita za ujazo bilioni moja kwa hesabu fupi. Ukichota ziwani bilioni fupi ya mita hizo, maji yatashuka kwa kiasi cha sentimita moja na nusu, pungufu ya upana wa kidole gumba, na mvuvi atakayeamka alfajiri hatatambua kwamba kuna kilichoondoka. Ukichota bilioni ndefu, utakuwa umechukua zaidi ya theluthi ya ziwa. Maji yatashuka kwa mita 14 na zaidi, meli za bandari ya Mwanza zitalala ubavu juu ya tope, na mwenye viatu vya kawaida ataufikia Mwamba wa Bismarck bila kulowa.

Na kwa kuwa tumemtaja Bismarck, kansela wa Ujerumani, ambaye jina lake limebaki juu ya majabali yale hata baada ya bendera mbili kushuka, inafaa kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyewatoza Wafaransa fidia ya vita kwa mkataba wa Frankfurt wa mwaka 1871, nayo ilikuwa faranga miliari 5. Ni madai hayo yaliyolipeleka neno miliari katika magazeti ya kila nchi na katika vinywa vya watu ambao kabla yake hawakuwa na kitu cha kukihesabu kwa kipimo hicho. Nusu karne baadaye Ujerumani ilionja hesabu kubwa kwa upande wa uchungu: mwezi wa Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na mark *Billionen* 4.2 kwa Kijerumani, ambazo kwa Kiswahili chetu cha leo ni trilioni 4.2. Mfasiri aliandikaye habari hiyo "bilioni 4.2" kwa kufuata sauti ya neno huwa amewapunguzia Wajerumani msiba wao mara elfu.

Ngazi ya hesabu katika Kiswahili

Hesabu ya Kiswahili ni ngazi ambayo kila kipago chake kilitoka msitu tofauti. Vipago vya chini ni vya Kibantu: moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi, pamoja na kenda, ambayo wazee waliitumia kabla tisa haijaisukuma kando. Juu yake ni vya Kiarabu: sita, saba, ishirini, thelathini, mia, elfu. Kisha hufuata laki, kutoka Bara Hindi, iliyokuja na wafanyabiashara waliohesabu hivyo kwao. Na neno lao la milioni kumi, *karori*, halikupata makazi hapa, kwani aliyehesabu hadi laki alikuwa amekwisha kuzidi mahitaji. Mwisho kabisa ni milioni, bilioni na trilioni, kutoka Ulaya. Mtu akitamka idadi ndefu kwa Kiswahili huwa ametembea, pasipo kujua, kutoka bara hadi pwani, kutoka pwani hadi Uarabuni na Gujarati, na hatimaye London.

Kwa watu wa Ziwa vipago vya juu vilikuwa havina kazi kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950, wakati vyama vya ushirika vya pamba vilipokuwa vikikua Usukumani chini ya uongozi wa Paul Bomani, mkulima alihesabu ratili zake kwa mamia, karani alihesabu marobota ya ratili 400 kila moja kwa maelfu, na mavuno ya jimbo zima yalitajika kwa neno laki pasipo taabu. Benki Kuu ilipotoa noti za kwanza za shilingi ya Tanzania mwaka 1966, iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi mia, na dola moja ilibadilishwa kwa shilingi saba na senti kadhaa. Bilioni ya shilingi wakati huo ingekuwa dola milioni 140. Leo, kwa dola ya kiasi cha shilingi 2,500, bilioni ile ile ni dola laki nne. Neno halikukua kutoka vitabuni hadi sokoni kwa sababu watu wametajirika mara elfu. Lilishuka sokoni kwa sababu shilingi imeshuka kulilaki.

Mirathi mbili kando ya ziwa moja

Wajerumani, walioweka boma lao Mwanza katika miaka ya 1890, walihesabu kwa *Milliarde* na *Billion* ndefu. Lau wangalibaki, mjukuu wa tarishi wao leo angesema miliadi. Vita vya kwanza vilipokwisha, Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza na Ruanda-Urundi Wabelgiji. Na mpaka uliochorwa wakati huo kwa ajili ya kugawa ardhi uligawa pia, pasipo mtu kukusudia, hesabu ya sifuri. Upande wa magharibi, Rwanda husema *miliyari*, Burundi *miliyaridi*, na Kiswahili cha Kongo miliari, yote yakiwa ni neno la Kifaransa. Upande wetu na wa Kenya ni bilioni.

Lakini bilioni ipi? Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 Uingereza rasmi ilikuwa bado katika hesabu ndefu, na ingebaki humo kwa miaka 13 mingine. Mwalimu aliyesoma kwa vitabu vya wakati huo alifundishwa, na akafundisha, kwamba bilioni ina sifuri 12. Wanafunzi wake walipofika makazini wakakuta serikali, mabenki na magazeti yanaandika sifuri 9, na hakuna tangazo lililowahi kuwafikia kwamba neno limebadilishwa maana ng'ambo. Wazee wanaobishana juu ya bilioni katika vibaraza vya Mwanza, basi, hawabishani kwa ujinga. Kila mmoja amekumbuka sawasawa alichofundishwa.

Mataifa haya mawili ya hesabu yangeweza kuishi kila moja upande wake, lau si Jumuiya ya Afrika Mashariki kuzipokea Rwanda na Burundi mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Sasa zimekutana, na swali la neno lipi lishikwe limezaa rai nne.

Rai nne

Rai ya kwanza ni ya wasemao tubaki na bilioni yetu ya sifuri 9. Hoja yao kubwa ni mazoea: sheria, hati za benki, vitabu vya shule na magazeti yote yameandikwa hivyo, na Kiingereza cha dunia kimekwisha kukubaliana nayo. Udhaifu wake wa kwanza ni wa kimantiki, kwamba *bi-* ndani yake haina tena mbili yoyote ya kuielekeza. Huo ni udhaifu wa wanachuoni, na mwenye duka haumsumbui. Nani akumbukaye kwamba Septemba asili yake ni mwezi wa saba? Udhaifu wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa sikio. *Bilioni* na *milioni* huachana kwa sauti moja tu ya mwanzo, na sauti zote mbili, *b* na *m*, hutamkwa kwa kuifunga midomo ile ile. Redioni, katika simu yenye mikwaruzo, au penye kelele za mashine ya barafu, tofauti ya mara elfu hutegemea pua ya msemaji.

Rai ya pili yataka tuchukue miliari. Wenye rai hii wana hoja nzuri kuliko wanavyosifiwa. Miliari ina maana moja tu popote itumiwapo: Berlin, Paris, Moscow, Kigali, Kinshasa, hata Kiarabu cha leo, ambacho Waswahili wa Oman hukisikia kila siku, kinayo miliari kando ya bilioni, na yote mawili humaanisha milioni elfu. Sikioni, hutengana na milioni kwa kuchelewa kidogo, ila kwa uwazi zaidi. Kasoro yake ni ya kipago kinachofuata. Ukikubali miliari, je, sifuri 12 utaziita bilioni, kama Mfaransa, au trilioni, kama Mrusi? Ukimfuata Mfaransa, bilioni moja itakuwa na maana mbili ndani ya Kiswahili kimoja, na daftari la mwaka jana litasomeka uongo. Na hasara hiyo itadumu mpaka kizazi cha bilioni fupi kiishe. Rwanda imemfuata Mrusi bila kumtaja: baada ya miliyari magazeti yake huandika *tiriyari*.

Rai ya tatu ni ya wazalendo wa lugha, wasemao hatuna haja ya kuazima kilichowashinda wenyewe. Hutolea mfano Waganda wa ng'ambo ya ziwa, ambao kwa milioni husema *akakadde*, kwa milioni elfu *akawumbi*, na magazeti yao hutaja fedha za serikali kwa maneno hayo pasipo mtu kuchanganyikiwa. Mfano ni mzuri, ila una kinaya ndani yake: *akawumbi* hiyo yaelekea kuwa ndugu wa *igihumbi* ya Wanyarwanda, ambayo kwao ni elfu moja tu, yaani shina la Kibantu nalo, likiachwa lisafiri, hufanya yale yale yaliyofanywa na bilioni. Wengine katika kundi hili hawataki neno jipya. Wao wasema "milioni elfu" yatosha, kama Waarabu na elfu ya maelfu yao. Yatosha kweli, mpaka mtu aseme "milioni elfu mbili": je, ni milioni zilizo elfu mbili, au ni milioni moja na elfu mbili juu yake? Sarufi yetu, ambayo huiweka idadi nyuma ya jina lake, huruhusu yote mawili.

Rai ya nne, ya wahandisi na wahasibu, ni kuandika tarakimu zote na kuacha majina. Katika jedwali ni sawa. Katika mazungumzo hakuna mtu asemaye sifuri tisa mfululizo, na hata kwenye karatasi kuna mtego: ambapo sisi hutenga maelfu kwa mkato, waliosoma Kifaransa aghalabu hutenga kwa nukta au nafasi tupu, na mkato huo kwao ndio utenganishao shilingi na senti.

Mizani

Mwandishi huyu huona rai ya pili ndiyo yenye mantiki bora, na rai ya kwanza ndiyo yenye gharama ndogo. Na katika mambo ya hesabu za watu wengi gharama ya kubadili hushinda uzuri wa kanuni, kama Waingereza walivyoonyesha mwaka 1974 walipoitupa hesabu iliyo safi zaidi wakachukua iliyo karibu na soko. Bilioni ya sifuri 9 ibaki Tanzania na Kenya. Ila isiachwe uchi. Mwandishi ailetapo kwa mara ya kwanza katika habari, aifungie kando yake maneno "yaani milioni elfu", na baada ya hapo aendelee. Mtangazaji wa redio afanye vivyo hivyo, kwani yeye ndiye mwenye tatizo la *b* na *m*. Miliari nayo ipokewe katika kamusi zetu kama kisawe chake, kwa sababu wasemaji wa Kiswahili waitumiao ni wengi, na wako Mwaloni tayari. Kwa mfasiri sharti ni gumu zaidi: akutanapo na *Billion* katika Kijerumani, au *billion* katika Kifaransa cha leo, aandike trilioni, hata kama mkono wake wavutwa na sauti, na akutanapo nalo katika kitabu cha Kiingereza, atazame kwanza mwaka wa chapa.

Yako maradhi mengine ambayo hayatatibiwa na kamusi yoyote, nayo yamo katika kiambishi *ma-*. Bilioni mbili ni idadi. *Mabilioni* si idadi, ni mshangao. Wakati wa Rais Jakaya Kikwete mikopo ya kuwawezesha wananchi ilijulikana nchini kote kama "mabilioni ya JK", na jina hilo lilikumbukwa kuliko kiasi chenyewe. Kichwa cha habari kisemacho mabilioni yametafunwa humjaza msomaji hasira, na humwacha asijue kama kilichotafunwa ni ndoo au ni ziwa.

Kwa mwenye kutaka kuipima bilioni kwa mkono wake, kipimo kipo katika kila kaunta ya benki. Noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000, ile nyekundu ambayo vijana huiita msimbazi. Bunda la noti mia za namna hiyo ni milioni moja kamili, nalo laingia mfukoni. Bilioni ni mabunda elfu, mzigo wa kupakiwa garini. Trilioni ni mabunda milioni. Na daraja lile la Kigongo na Busisi, kwa mizani hiyo, lilikula zaidi ya mabunda laki saba: ukiyapanga moja moja kwa usawa juu ya kilomita zake 3, kila mita moja ya njia itabeba mabunda 233 na ushei.